Risala ya Chama cha Sayansi kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Sayansi, Lamu

Mheshimiwa mgeni wetu, mwalimu mkuu, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, assalamu alaykum.

Karibu Amu. Chupa iliyo mbele yako, yenye maji ya manjano kama samli iliyoyeyushwa, tafadhali usiionje. Ndani yake mna fedha: ile ya pete za masonara wetu, si ya mfukoni. Imo kwa chembe ndogo mno, hata maelfu yake yangejipanga kwenye upana wa unywele mmoja.

Kwamba fedha huua bakteria si habari mpya. Miaka ya 1880 daktari Carl Credé wa Leipzig, Ujerumani, aliwatia wachanga matone ya nitrati ya fedha machoni, wasipofuke kwa maambukizi ya wakati wa kuzaliwa. Chembe hizi nazo hutoa ayoni za fedha, yaani atomi zenye chaji ya umeme, kidogo kidogo, zikashika protini za bakteria na kuharibu utando wake. Shida ya chembe hizi ni kupenda kushikana. Zikishikana, manjano hugeuka kijivu na nguvu hupungua. Ndipo inapohitajika polima, nyuzi ndefu za molekuli zinazoizunguka kila chembe, mfano wa matairi makuukuu yanayoning'inizwa ubavuni mwa boti gatini zisigongane.

Polima yetu ni kitosani, tuliyoitoa kwenye magamba ya kaa. (Kazi ya kostiki soda ya moto aliifanya mwalimu mwenyewe.) Tuliiyeyusha kwa siki, tukatia nitrati ya fedha, tukapasha kwa nyuzi 90 hivi kwa saa kadhaa. Kitosani hiyohiyo huigeuza nitrati kuwa fedha, kisha ikailinda.

Mara ya kwanza tuliaibika. Tulitumia maji ya kisima; nitrati ilipodondoka tu, chombo kizima kikawa cheupe kama tui. Chumvi ya maji yetu ilikuwa imeinasa fedha. Tulipochukua maji ya kuongezea betri, manjano ikaja, na leo ni wiki ya tatu haijageuka.

Hatuiiti dawa. Hatujaijaribu kwa bakteria hata mmoja, na hatutaki kufuga vijidudu darasani. Kwa hivyo, mheshimiwa, tunaomba siku chache katika maabara ya hospitali, chini ya wataalamu, tuipime chupa hii kando ya nyingine yenye kitosani tupu. Maana kitosani nayo huua bakteria, tusije tukaisifu fedha bure. La pili ni mtambo mdogo wa kukeneka maji, kwani haya ya betri yanatumaliza.

Na ukitupa mkono usishtuke: weusi wa vidole vyetu ni nitrati, si piko.