Kakao nyuma ya bafu

Newala,
14 Julai

Shoga yangu Tumpe,

Salaam nyingi kwako na wote hapo Kyela. Sisi wazima, ila tunanuka salfa mpaka kwenye mashuka. Ndiyo msimu wa kupulizia mikorosho, na ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, hauchezewi.

Lile tunda la kakao lilifika. Lilikaa stendi siku tatu kwa sababu wakala aliandika namba yangu kimakosa, lakini gamba lake nene liliokoa. Mama akaligeuzageuza mikononi: "Hili papai gani lina mbavu?" Nilipolipasua, mbegu zimebanana katikati, zimevikwa nyama nyeupe yenye utelezi. Nilihesabu 38. Watoto wakazifyonza, eti tamu kama topetope. Mimi kwa ulafi nikaitafuna mbegu yenyewe. Chungu hiyo! Na ndani zambarau. Nikakaanga chache kama korosho, wapi, hata harufu ya chokoleti hakuna. Mpaka nilipokupigia, ndipo unaniambia huku unacheka kwamba huvundikwa kwanza siku tano hadi saba chini ya majani ya mgomba, kisha zikaanikwa. Ungesema mapema!

Miti yetu hii asili yake ni huko huko Amerika ya Kusini. Mkorosho Wareno ndio walioutoa Brazili. Lakini tabia ni mbalimbali. Wetu unaiweka korosho nje, inaning'inia chini ya bibo, lile tunda lake lenye maji, kama kitu kilichosahauliwa. Wenu unazificha mbegu ndani, halafu tunda lenyewe unalibandika kwenye shina! Wetu ukinyeshewa wakati wa maua tunalia. Wenu unataka mvua na kivuli, na hapa juu maji tunayanunua kwa dumu.

Hata hivyo nimepanda. Ulivyosema mbegu ikikauka imekufa, nilitia sita kwenye viriba siku ile ile. Zikaota nne. Mbili kaparura kuku. Hizo mbili zilizobaki nimezihamishia nyuma ya bafu, kwenye migomba, ambako maji ya kuogea hutiririkia. Ndiyo Kyela yangu hiyo. Majani mapya yalipotoka yalikuwa mekundumekundu, yamelegea kama nguo mbichi kambani. Mama akasema yamekufa, akataka kung'oa. Nikamzuia. Wiki iliyofuata yakakakamaa, yakawa kijani.

Baba ananiambia napoteza maji kwa mti wa watu. Lakini jioni, akidhani simwoni, hupita pale na kumimina yale aliyonawia.

Oktoba njoo, mabibo yatakuwa yanaanguka. Ulete kakao iliyovundikwa, tuikaange tena. Uraka, ile pombe ya mabibo, nitakutafutia, ila mama asijue.

Nisalimie mama yako.

Wako,
Somoe