Heri ya Kwanzaa, kutoka bwenini kulikobaki giza

Habari gani wapendwa, ndugu, jamaa na marafiki, mlioko huku Marekani na nyie mlioko nyumbani Muheza, Tanga, Dar, Mombasa na kokote salamu hizi zitakapowakuta. Nawatakia heri ya Kwanzaa, ile sikukuu ya siku saba ya Wamarekani weusi, kila siku na nguzo yake yenye jina la Kiswahili na mshumaa wake, na mlioshiba pilau la Krismasi jana nawatakia heri ya Krismasi na mwaka mpya wenye afya, amani na riziki tele. Huwa naandika hizi salamu kila mwaka, nikichelewa tu kuna watu wananipigia kuniuliza kama naumwa, kwa hiyo na mwaka huu nimekaa nikaandika ila kiukweli mkono ulikuwa mzito.

Leo tarehe 26, siku ya kwanza, nguzo ya Umoja, na bweni zima tumebaki watu wanne ambao nauli ilitushinda. Kantini imefungwa mpaka Januari, korido zimezimwa taa, theluji imejaa dirishani, ndo hivyo tunasherehekea umoja wa wanne.

Sherehe yenyewe tulishaifanya wiki ya kwanza ya Desemba kabla watu hawajatawanyika, kama kawaida ya vyuoni. Ila mwaka huu ilikuwa ya kubahatisha. Ofisi iliyokuwa inasimamia mambo ya wanafunzi weusi hapa kwetu imefungwa, kibao kimebanduliwa mlangoni imebaki alama ya gundi, na bajeti ya karamu ikaondoka na kibao. Tulipokuwa tunasikia sheria ya Texas imeanza kazi 1 Januari 2024 na vyuo vya serikali vya kule vinafunga ofisi za namna hii tulisema aah hayo mambo ya Texas, kumbe mwenzio akinyolewa. Basi ikawa michango, na michango mwaka huu mnaijua, kodi imepanda, mayai yamepanda, kuku ndo usiseme, yaani nazi ya kopo ambayo zamani nilikuwa natupia kwenye kapu bila kuangalia bei sasa hivi naishika, naigeuza, nairudisha, natembea mpaka kwenye sabuni halafu narudi kuichukua.

Ukumbi tukanyimwa, tukaishia chumba cha chini ya bweni, ukuta mmoja na mashine za kufulia. Moto hauruhusiwi kwa hiyo mishumaa ni ya betri, na ule mweusi wa katikati ambao ndo unaanza ukagoma kuwaka, ukapigwa makofi, ukatikiswa, mwisho betri zikatolewa kwenye rimoti ya TV ndo ukakubali. Kuna kijana wa saksafoni, mrefu, muda wote anatazama viatu vyake, alipoanza kupuliza mashine moja nyuma ya ukuta nayo ikaanza kukamua nguo, dugudugu dugudugu, tukajua shughuli imeharibika. Binti wa Haiti aliyekuwa na ngoma akasikiliza kidogo, akashika mdundo wa ile mashine akaenda nao, saksafoni ikafuata, watu wakacheka halafu wakaanza kupiga makofi, na wale wa kwaya ya gospel wakaingia juu yake bila kuambiwa. Nimeenda shoo za kulipia kiingilio huku sijawahi kuona muziki kama ule. Nguo zilipokauka mashine ikanyamaza na wimbo ukaishia hapo hapo.

Kiswahili cha siku ile sasa, mimi huwa najiuma ulimi. Mtu anauliza "habari gani?" ukumbi unaitika "Umoja!", yaani nguzo ya siku, nyumbani ukijibu hivyo watakupeleka zahanati. Na wanavyoviita vibunzi mezani ni mahindi yenye punje zake zote, wakati bibi yangu kibunzi alikuwa anasukumia jikoni moto ukipungua. Siku ya Ujamaa ndo kabisa, wenzetu wanaisema kwa macho yanayong'aa na mimi naikumbuka stori ya bibi kwenye foleni ya sukari. Kwanzaa ya kwanza ilikuwa Desemba 1966 Los Angeles, mwaka mmoja na kitu tu tangu Watts, mtaa wa watu weusi wa kule kule, iungue kwenye ghasia, Azimio la Arusha lenyewe likaja Februari 1967. Kwa hiyo neno lile lile lilikuwa linafanya kazi mbili bara mbili kwa wakati mmoja. Sisi tulilichoka likaenda kwenye vitabu vya historia, wao wakaliwekea mshumaa. Nikiwaza hivyo nacheka kidogo tu.

Halafu ikafika tambiko. Mzee mmoja mstaafu wa hapa chuoni anamimina maji kwenye chungu cha ua, kila mtu anataja jina la mtu wake na wote tunaitika ashe, neno la Kiyoruba, kama kusema na iwe hivyo. Mimi miaka yote nilikuwa nataja wakubwa, Mwalimu, Bibi Titi, majina ya kupigiwa makofi. Mwaka huu zamu yangu ilipofika nikataja jina la mama mdogo, sauti ikakatika katikati. Alituacha mwezi wa nne. Viza yangu muda wake umeisha, humu ndani nipo kihalali ila nikitoka kurudi ni kuomba upya na sa hizi nani anathubutu, msibani wakanisubiri siku mbili mwisho nikawaambia zikeni tu. Nikaangalia kwa simu, video ikawa inaganda, nikamwona anashushwa, ikaganda, ilipofunguka watu walishaanza kufukia. Sijawahi kumwambia mtu hili. Watu arobaini wasiomjua, wengine hata Muheza hawajui iko upande gani wa dunia, wakalitaja jina lake kwa matamshi yao mabovu na kuitika ashe, na mimi ndo pale nikalia msiba wangu.

Sasa nina neno na Waswahili wenzangu wa hapa chuoni, mtanisamehe. Mko zaidi ya ishirini kwenye grupu letu, waliokuja ni wawili. Mkiulizwa mnasema ah hayo ni mambo ya Wamarekani weusi sio yetu, kwanza hata Kiswahili chao hakieleweki. Jamani. Mimi ugali wangu hapa natafuta kwa kufundisha Kiswahili, na hicho Kiswahili vyuoni huku kilipata nguvu kwa kelele za wanafunzi weusi wa miaka ya sitini. Wa chuo cha San Francisco State waligoma kuanzia 6 Novemba 1968 mpaka Machi 1969, wakapigwa virungu na wakakamatwa, ndo masomo ya watu weusi yakapata idara. Pale Harvard kwaya inaitwa Kuumba tangu 1970, hawakuja kutuomba ruhusa ya neno. Na mkisema bajeti hakuna, wanafunzi tisa wa Fisk, chuo cha watu weusi, wengi wao wamezaliwa utumwani, walitoka Nashville mwaka 1871 shule yao inadaiwa kila kona wakaenda kuimba mji kwa mji, nauli yenyewe ya kuungaunga, na pesa za nyimbo ndo zimejenga Jubilee Hall, jengo la chuo chao linalosimama mpaka leo. Sisi tunashindwa kushuka ngazi mbili na sinia la maandazi! Usiku ukisimamishwa na polisi hakuna atakayekuuliza kabila lako. Tuache majivuno ndugu zangu, tuache kukaa pembeni tukisahihisha matamshi ya watu, tuhudhurie, tuchange, tuwafundishe vijana wetu, na anayejua kupiga chapuo aje apige maana wanaziomba kila mwaka.

Basi, nisiwachoshe. Nawatakia tena Kwanzaa njema ya nguzo zote saba, wagonjwa wapone, wanaosoma wafaulu, wenye makaratasi yaliyokwama yafunguke, waliotutangulia wapumzike kwa amani, na mwaka unaokuja utukute wazima na bei zipungue japo kidogo.

Tarehe 31, Kuumba, napika kunde za nazi kwa mapishi ya mama mdogo, tui la kwanza na la pili hamna, ni kopo mbili na nimeshanunua. Wenyeji huku kunde wanazila tarehe moja wapate bahati, zitakazobaki tutawapelekea. Aliye karibu aje saa kumi na mbili jioni na kijiko chake, sahani tunazo nne tu.