Nyongo, mwani na karatasi ya marumaru

London, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanakombo,

Salamu nyingi, na mama mpe shikamoo yangu. Nakuandikia vidole vina buluu hadi kwenye kucha, na tangu asubuhi simfikirii mtu ila yeye, anavyorudi kutoka pwani Jambiani na magunia ya mwani.

Kile kitabu cha Kiingereza cha zamani nilichonunua, chenye jalada la ngozi ya ndama, ukikifunua unakutana kwanza na karatasi yenye mishipa ya nyekundu, buluu na manjano, kama marumaru iliyokatwa. Nilidhani imechapwa. Kumbe imelazwa juu ya maji! Jana na leo nimefundishwa.

Na hayo maji ni uji wa mwani. Mafundi wa Uingereza wa karne ya 19 walichemsha mwani mwekundu wa miamba ya Atlantiki, wakauchuja, wakauacha ulale mpaka uwe mzito. Wa mama ni jamaa yake. Ute huo ndio viwanda vinautafuta Zanzibar kwa ajili ya aiskrimu na dawa ya meno. Rangi unaitia nyongo ya ng'ombe. Bila nyongo tone linazama, ukiitia linatanda. Unarusha nyekundu kwa brashi, kisha buluu, na buluu inaisukuma nyekundu mpaka inabaki uzi. Ukipitisha chanuo, michirizi inajipanga kama manyoya ya kanga. Karatasi imeshapakwa shabu, hiyohiyo ya maduka ya dawa za kienyeji, ili rangi ishike. Unailaza kuanzia pembe moja, taratibu, pumzi umeibana, maana hewa ikinaswa chini yake inaacha doa jeupe. Yangu ya kwanza ina madoa matatu na naipenda vilevile.

Ufundi huu ulitoka Uturuki na Uajemi, na Waingereza kwa muda mrefu walikuwa wakiagiza karatasi hizi kutoka nje. Waliojua walificha, hadi fundi wao Charles Woolnough alipochapa maelezo ya kazi yote mwaka 1853.

Mapambo ya ngozi ya jalada bado sijayagusa, nimetazama tu. Wanapaka ute wa yai, wanalaza dhahabu nyembamba kuliko ganda la kitunguu, wanakandamiza kwa chapa ya shaba iliyopashwa moto. Fundi wa majalada ninayempenda ni Roger Payne, aliyefariki London mwaka 1797. Katika ankara zake aliandika kila alichofanya, kurasa alizoosha, alizoziba, alizoshona kwa hariri. Wengine baadaye walipachika vito kwenye majalada. Mimi nasema nukta za dhahabu za Payne zinatosha. Ila ndani alipenda karatasi ya zambarau tupu, na hapo simuungi mkono.

Kitabu changu kinaumwa. Ukishika mgongo wake unabaki na unga mwekundu mkononi. Moshi wa makaa na taa za gesi uliila ngozi. Nilikuwa karibu kuipaka mafuta, mwalimu akanizuia, kwani yangeifanya nyeusi na ngumu. Inataka dawa ya kuishikiza kwanza.

Niulizie mama: mwani unatoa ute mwingi ukiwa mbichi au ukishakauka? Nataka kuujaribu. Ndani ya bahasha nimekuwekea karatasi ile yenye madoa matatu.

Wako,
Zuhura