Ufadhili wa chuo usiishie kwenye ada

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka dirisha la mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, mjadala huwa ule ule: nani kapata, nani kakosa, bumu, yaani fedha za kujikimu, litaingia lini. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako nizungumzie kitu kinachosahaulika katika makelele hayo, nacho ni fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini.

Mimi ni mhadhiri, na kila likizo ndefu hutumwa mikoani kukagua wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Huko ndiko unakoanza kuona nani atapata kazi na nani atarudi nyumbani na cheti chake mkononi. Mtoto wa mjini mwenye mjomba benki anafanya fildi benki. Analala kwa shangazi, anakula kwa shangazi, na siku akihitimu meneja anamfahamu kwa jina. Mtoto wa mkulima anarudi kwao, kwa sababu huko halipi kodi ya chumba, anapeleka barua ofisi ya kata. Nimewahi kufungua daftari la kazi la mwanafunzi wa uhasibu, kijana hodari sana darasani, nikakuta ukurasa baada ya ukurasa: nimeandika barua za utambulisho za wananchi, nimepanga mafaili. Siku moja kulikuwa na mkutano wa hadhara, akabeba viti. Na hilo nalo kaliandika, kwa mwandiko mzuri, na mtendaji akaligongea mhuri. Leja hakuigusa, mfumo wa malipo hakuuona. Kwenye usaili nani atamwuliza habari za viti?

Wako watakaosema hakujituma kutafuta. Tupige hesabu. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo, kwa aliyepangiwa, ni hadi shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Ukipewa zote ni 560,000. Nenda nazo Dar es Salaam au Dodoma: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, wengine sita, na hapo hujanunua godoro. Bado daladala asubuhi na jioni, bado chakula cha mchana, bado shati la kuvaa ofisini. Tena nafasi zenyewe hufuatwa. Barua inapelekwa kwa mkono, inafuatiliwa wiki hadi wiki, na mara nyingi inafika mezani kwa sababu mwombaji ana mtu wake ndani.

Ndiyo maana sirukiruki kwa furaha ninaposikia ufadhili mwingine wa kulipa ada. Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa wahitimu wa kidato cha sita waliofanya vizuri zaidi katika sayansi, ni jambo jema na iendelee. Ila kipimo chake ni ufaulu wa sayansi, na huyu wangu wa uhasibu hayumo. Mpango wa ufadhili wa wanafunzi wa Mastercard Foundation, ulioanza mwaka 2012 na ambao Chuo Kikuu cha Makerere cha Uganda kimo, humchukua kijana mwenye akili asiye na uwezo, na juu ya ada humpa walezi wa kumwongoza na maandalizi ya kuingia kazini. Hao wameelewa kwamba kutokuwa na mtu wa kukushika mkono nako ni umaskini.

Hapa kwetu mengi yako tayari. Mwombaji yatima hupeleka Bodi cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa. Wa kaya inayonufaika na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, naye anajulikana. Mikopo ikishapangwa, taarifa hizo zinalala. Kwa ridhaa ya mwanafunzi mwenyewe, zingeweza kutumika tena, na kila taasisi ya umma ikaagizwa kutenga sehemu ya nafasi zake za fildi kwa vijana hao. Bodi yenyewe ingefaidika, maana mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na asiye na mshahara utamkata nini?

Makampuni nayo. Tunawaona magazetini wakikabidhi hundi ya mfano kubwa kama mlango. Hongera zao. Lakini kampuni hiyo hiyo ina ofisi, ina mhasibu mzoefu, na haikosi kiti kimoja kitupu. Kila inayemlipia ada impe na fildi, na mtu wa kumfundisha kazi badala ya kumtuma chai.

Mwongozo ujao wa mikopo ungeweka mambo mawili tu ningeridhika. Wanaopangiwa fildi mbali na kwao wapewe fedha za kujikimu kwa mkupuo kabla hawajaripoti, zikizingatia kodi ya chumba. Na orodha ya nafasi zilizotengwa itoke mapema, mwezi wa tatu au wa nne, kabla wenye wajomba hawajazimaliza.

Mhadhiri na msimamizi wa fildi,
Iringa