Risala ya Umoja wa Vijana wa Usharika kwa Mgeni Rasmi, Kilele cha Semina ya Vijana wa Kike na wa Kiume Kuhudumu Pamoja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Baba Mchungaji Kiongozi,
Mama Mchungaji Msaidizi,
Wainjilisti na Wazee wa Kanisa,
Wazazi wetu, wageni kutoka sharika jirani, na vijana wenzetu,

Bwana Yesu asifiwe!

Awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyetukutanisha siku ya leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukapanda mlima hadi kwetu, tena msimu huu wa masika ambapo barabara yetu haimheshimu mtu. Tuliona gari lako lilivyonasa pale kwenye kona ya shule. Waliolisukuma ni vijana wetu, wa kike na wa kiume, wakasukuma mpaka likatoka. Kwa hiyo somo la semina umeshaliona kwa vitendo hata kabla ya kulisikia.

Tunafahamu pia kwamba biashara yako ni vifaa vya ujenzi. Tunapenda kukuhakikishia mbele ya usharika huu kwamba hatukukualika kwa sababu hiyo peke yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni ndefu, ila muda ni mfupi na chakula kiko jikoni. Wamisionari wa Leipzig walifika katika miteremko hii ya Kilimanjaro mwaka 1893. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yakaungana kuwa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Umoja wa Vijana wa usharika huu ulizaliwa baadaye, ukalala, ukaamka, ukalala tena, na sasa uko macho kabisa kama unavyotuona.

Mafanikio yetu ni makubwa. Kwaya ya vijana imerekodi wimbo, na wimbo huo umesikika mpaka nje ya mipaka ya jimbo, kwa kuwa mwenzetu mmoja anayefanya kazi Dodoma anao kwenye simu yake. Tumenunua maiki mbili za kisasa, na moja inafanya kazi vizuri sana. Tumeanzisha mradi wa kuku wa kienyeji ambao kwa sasa uko katika hatua ya kujipanga upya baada ya ugonjwa wa mdondo kupita. Tumetembelea wagonjwa, tumelima shamba la mjane, tumefagia kanisa. Mafanikio mengine yamo kwenye taarifa ya mwaka, ambayo Baba Mchungaji anayo.

Naomba sasa niingie kwenye semina yenyewe, maana ndiyo iliyotuleta hapa.

Juma hili tumefundishwa jinsi vijana wa kike na wa kiume wanavyopaswa kuhudumu pamoja. Wapo wazazi waliosikia mada hiyo wakaingiwa na wasiwasi, na hatuwalaumu, kwa sababu wanatujua. Lakini walimu wetu walianza na Maandiko. Tulisoma sura ya kumi na sita ya Warumi, ile ambayo wengi huiruka wakidhani ni orodha ya salamu tu. Tukamkuta Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Tukawakuta Trifena na Trifosa, na Persisi aliyejitahidi sana katika Bwana. Tukawakuta Prisila na mumewe Akila, washona mahema, ambao katika Matendo ya Mitume walimchukua Apolo, msemaji hodari aliyeyajua Maandiko, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Walimfundisha wote wawili, na yeye akakubali kufundishwa. Hapo kaka zetu walinyamaza kidogo.

Tukasoma pia habari za Debora na Baraka. Baraka alimwambia Debora kwamba asipokwenda naye vitani, basi na yeye haendi. Kijana mmoja akasema huo ni woga. Dada mmoja akamjibu kwamba huo si woga, ni kujua nani ana neno la Mungu. Mjadala ulichukua asubuhi nzima na chai ikapoa.

Mambo ya mipaka hatukuyaficha. Paulo alimwagiza Timotheo awatendee wanawake vijana kama ndugu wa kike, katika usafi wote. Tukaulizana, ndugu yako wa kike unamtumia meseji saa sita usiku ukimwuliza kama amelala? Ukumbi ulicheka, lakini simu kadhaa ziliingizwa mifukoni. Tukakubaliana kwamba vikundi vya huduma vitakuwa na mlezi wa kike na mlezi wa kiume, kwamba hakuna safari ya wawili wawili, na kwamba mhazini na mweka hazina msaidizi hawatakuwa wa jinsia moja. Tukakubaliana pia kwamba sufuria haina jinsia. Juzi kaka zetu wamepika ugali wa watu wote. Ulikuwa na mabonge, lakini uliliwa.

Na Mheshimiwa, Kanisa letu lenyewe lilishalimaliza jambo hili zamani. KKKT iliamua mwaka 1990 kwamba wanawake waweza kubarikiwa kuwa wachungaji, wakati wengi wetu hatujazaliwa. Mama Mchungaji aliyeketi hapa mbele ndiye aliyetufundisha kipaimara. Kwa hiyo hatukuja kuomba ruhusa ya kuhudumu pamoja, ruhusa tunayo. Tumekuja kuomba mahali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukigeuka kidogo kushoto, nyuma ya migomba ile, utaona jengo. Hilo ndilo jengo la vijana. Lina ukumbi mmoja, vyumba viwili vya kulala wageni, kimoja cha kike na kimoja cha kiume, na sehemu ya vyoo. Limefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na kwenye lenta limebaki. Matofali ya juu yameanza kumomonyoka kwa mvua. Katika chumba cha wasichana umeota mnyonyo, na sasa umefika kimo cha dirisha. Watoto wa Jumapili wanaujua vizuri, kwa sababu ndipo wanapojificha wakicheza.

Pengine utajiuliza, semina ya kuhudumu pamoja inahusiana nini na mabati? Turuhusu tueleze, kwa sababu hapa ndipo penye shida yetu yote.

Kanisa linafungwa saa kumi na mbili jioni. Tulipoibiwa spika, Wazee walifanya uamuzi huo na tunauheshimu. Lakini vijana wengi wetu tuko shambani, dukani au kwenye bodaboda mpaka jua lizame. Kwa hiyo vikao vya kamati vinafanyika saa mbili usiku, na vinafanyika geto kwa mwenyekiti, yaani chumbani kwake. Hakuna mzazi hapa atakayemruhusu binti yake kwenda geto kwa kijana wa kiume saa mbili usiku, hata kama ajenda ni maandalizi ya Pasaka, na sisi hatuombi amruhusu. Matokeo yake ni kwamba makamu mwenyekiti wetu, ambaye ni dada na alichaguliwa kwa kura nyingi kuliko mwenyekiti mwenyewe, hajawahi kukaa kwenye kikao kinachopanga mambo makubwa. Yeye na wenzake wanatangaziwa Jumapili, baada ya ibada, wakiwa wamesimama kwenye ngazi: sisi tutahubiri, ninyi mtapika.

Hivyo ndivyo kugawanyika kunavyoingia kwetu. Hakuingii kwa sababu kuna mtu anayewadharau dada zetu. Kunaingia kupitia mlango ambao hatuna.

Yuko dada mmoja kati yetu, simtaji kwa kuwa atainamisha kichwa, aliyejifunza kinanda kwa kutazama tu vidole vya mwalimu wa kwaya. Anapiga vizuri. Lakini mazoezi ya wapiga vyombo ni usiku, vyombo viko geto, na kwa hiyo Jumapili kinanda kinapigwa na kaka ambaye, tuseme ukweli mbele za Mungu, bado anajifunza. Usharika mzima unasikia tofauti.

Ukija kwenye safari za injili ni yale yale. Tunapokwenda mitaa ya tambarare, kaka zetu wanalala kwenye madarasa ya shule, dada zetu wanarudishwa na Hiace ya mwisho. Mkutano unaanza kupata moto saa moja jioni, wao wako barabarani. Na vijana wa sharika nyingine wakitaka kuja kwetu, tunawaomba walete wavulana tu, au wasije. Tulishawahi kuwalaza dada zetu wageni katika ofisi ya usharika, juu ya mikeka. Mlango hauna kitasa, choo kiko ng'ambo ya uwanja gizani, na mmoja wao alikuwa kwenye siku zake. Wazee mtuwie radhi kwa kulitaja hili hadharani, lakini lilitokea kwenye usharika wetu na mgeni wetu hakuwahi kurudi.

Hata wale washona mahema tuliowasoma, kanisa lilikutana nyumbani kwao. Na siku zile za kungojea Roho Mtakatifu, mitume walidumu katika kusali pamoja na wanawake, na Mariamu mama yake Yesu, na Maandiko yanataja kabisa kwamba walikuwa orofani. Walikuwa na chumba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, si kwamba jambo hili halijawahi kufika kwa wakubwa. Limefika, tena mara nyingi. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisimama hapo hapo uliposimama wewe akaahidi mabati yote. Akina mama walipiga vigelegele, mwenyekiti wetu alicheza mpaka kiatu kikamtoka. Mgeni akatuambia tumpigie Jumatatu. Tumepiga Jumatatu nyingi. Aliyemtangulia aliahidi saruji, na tunamshukuru kwa dhati kwani sehemu ya saruji hiyo ilifika, ingawa ilifika ikiwa imeshaganda, na sasa tunaitumia kama viti. Mwingine alisema jambo hili atalibeba yeye mwenyewe. Mpaka leo amelibeba.

Hatusemi haya kwa kulaumu, tunayasema kwa ajili ya kumbukumbu. Na tunaomba radhi mapema, kwa sababu utakapotamka ahadi yako leo huenda makofi yakawa machache kuliko ulivyozoea. Si dharau. Vijana wameamua kutunza makofi mpaka siku ya kupaua.

Sisi hatukukaa tu. Wazazi wametoa miti kutoka kwenye vihamba vyao, mashamba yanayozunguka nyumba zao, na sehemu ya mbao za kenchi za paa imeshapasuliwa na iko chini ya turubai nyumbani kwa Mzee wa Kanisa mmoja. Nguvu kazi tutatoa sisi. Dada zetu wameomba wasipangwe kwenye kubeba maji peke yake, na wawili wao wameshaanza kujifunza kazi kwa fundi. Tunachokosa ni mabati 110 ya geji 28, misumari yake, milango miwili ya vyumba vya kulala yenye vitasa vinavyofungika kwa ndani, na matundu manne ya vyoo, mawili kwa kila upande. Ukishindwa vyote, tunaomba mabati. Ukishindwa mabati yote, tunaomba yale ya kufunika vyumba viwili, ukumbi utasubiri. Ila tafadhali usitupe ahadi ya vyote halafu tukose hata kimoja.

Tuna maombi mengine, ya sare za kwaya, ya spika badala ya ile iliyoibwa, na ya kuufufua mradi wa kuku. Hayo tumeyaweka kwenye karatasi ya mwisho na hayana haraka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii makamu mwenyekiti atakuongoza kwenda kulitazama jengo kwa macho yako. Viatu vya mpira tumekuwekea pale mlangoni, tulikisia namba. Fundi wetu yuko hapa, amekaa safu ya tatu na shati la bluu, na vipimo vya paa anavyo mfukoni. Risala hii tunakukabidhi nakala yako. Nakala ya pili ni ya Baba Mchungaji, na ya tatu inakwenda kwenye faili letu, pamoja na zile za miaka iliyotangulia.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Umoja wa Vijana