Shukrani kwa Mkutubi Aliyeniokoa na Mada Pana

Ninaandika kumshukuru hadharani mkutubi mmoja ambaye hakutaka kutajwa jina. Zikiwa zimesalia siku nne kabla ya kuwasilisha pendekezo la utafiti katika somo la fasihi, mada yangu ilikuwa dhuluma katika Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951, na mwalimu alikwisha kuirudisha mara mbili kwa maelezo kwamba ni pana mno.

Mkutubi huyo hakunipa mada nyingine, jambo ambalo, nakiri, ndilo nililolitamani. Alivuta kiti, akaniuliza ni ukurasa gani niliourudia mara nyingi zaidi. Nikamfungulia mahali Karama, mhusika mkuu wa riwaya hiyo, anapojitetea mbele ya mfalme dhidi ya mashtaka ya waziri Majivuno. Akachukua penseli, akakata neno "dhuluma" na kuandika pembeni: "Kwa nini mshtakiwa anajitetea kwa kusimulia safari za watu wengine?" Kisha akanitaka nisome upya safari za wale wajumbe sita ambazo Karama anazisimulia katika utetezi wake, nikiandika kwa kila moja mstari mmoja tu kuhusu kile inachothibitisha katika kesi, na nikikosa cha kuandika, niseme hivyo bila aibu. Siku iliyofuata aliipitia mistari hiyo, akaniwekea kando makala mbili kuhusu masimulizi ndani ya masimulizi.

Pendekezo lilikubaliwa. Ahsante sana, ndugu mkutubi. Nanyi mliokwisha kuandika tasnifu zenu, mkimwona mwanafunzi amekwama, muulizeni kwanza ni ukurasa gani unaomsumbua kabla ya kumpa mada yenu.