Wekesa, toa hiyo kutu kwa paipu kwanza

Mulembe ndugu yangu,

Habari za Kimilili, mama anaendeleaje na mguu? Huku Kisumu ni jua tu. Salamu zingine baadaye juu Nekesa amenitumia picha ya mashini yako ya gesi ya magunzi, ati umejaza kutu na misumari mikuukuu kwa paipu ya kwenda kwa injini ya poshomili kwa sababu mimi nilisema kutu ya chuma hula lami, ule uchafu mweusi mzito wa moshi. Nilisema ndio, na bado nasema, lakini hiyo ni kwa kazi yetu hapa.

Sisi tuko na vyumba viwili vya moto. Kimoja tunatia makapi ya miwa na unga wa kutu nyekundu, hewa haiingii kabisa, kutu yenyewe ndiyo inatoa oksijeni ya kuchoma, na kinachotoka ni mvuke na kaboni dayoksaidi, ukipoza mvuke ukawa maji, hiyo kaboni dayoksaidi inabaki peke yake unaweza kuifungia. Kutu ikiishiwa inageuka nyeusi, inapelekwa chumba cha pili inapulizwa hewa, inarudi nyekundu, inazunguka tena. Joto ni digrii 800 mpaka 1000, Wekesa, hapo ndipo lami inaliwa.

Na hata hapo si yote. Naftalini, zile tembe nyeupe mama huweka kwa sanduku la nguo, nayo imo ndani ya lami na ni kichwa ngumu ajabu. Lami nyingine haiguswi kabisa, makapi yakiingia tu moshi unaruka juu unatoroka kabla kukutana na kutu. Na kutu ikichoka sana mpaka ikabaki chuma tupu, haichomi lami tena, inaipasua tu, masizi yanakwama kwa punje za kutu, yanabebwa mpaka chumba cha hewa, yanaungulia huko na ile kaboni tulitaka kukamata inaenda na bomba. Mkubwa wangu hataki kusikia haya, yeye ni kuhesabu gesi tu, na filta ya mashini ya kupima ikiziba ni mimi naosha na asetoni, nanuka lami mpaka kanisani. Wacha tu.

Sasa hiyo paipu yako. Unaweza kuishika na mkono, si ndio? Basi kutu imekaa hapo bure, lami itagandia kwa hiyo misumari mpaka izibe. Na usiniambie utaipasha moto, juu ikishika moto vizuri itakula haidrojeni na kaboni monoksaidi kwanza, na hiyo ndiyo chakula ya injini! Lami sugu inabaki. Sisi tunataka kila kitu kiungue, wewe unataka gesi ifike injini kabla haijaungua. Tena kutu nyekundu kilo 100 ikigeuka nyeusi inatoa oksijeni kilo 3 na kitu, imeisha, na wewe huna chumba cha kuirudishia.

Ikiziba gesi itatafuta njia nyingine. Kaboni monoksaidi haina harufu, inamaliza mtu usingizini. Yule kijana wa kulinda asilale humo ndani ya poshomili tena, tafadhali, hata leo.

Lami ipunguzie kwa moto: magunzi yakauke kabisa, na moshi wote upite kwa makaa mekundu kabla haujatoka. Ukishapoa ndio upitishe kwa boksi la maranda ya mbao, ubadilishe yakilowa.

Halafu nisaidie na mkebe wa jivu la magunzi. Potasiamu yake inagandisha punje zetu, nataka kuijaribu na ilmenaiti, hiyo ya chuma na titaniamu walikuwa wanachimba Kwale, yenyewe huimeza potasiamu.

Umeshatoa hiyo misumari? Moshi wako unapita juu ama chini ya makaa? Injini uliiwasha siku ngapi, na vali zimeshaanza kunata? Na Otis alirudisha ile welda ama bado anakuzungusha?

Ni mimi,
Barasa